Fundi Afichaye Kazi Yake

Katika kabati la dispensari ya parokia yetu limo sanduku la mbao lenye kufuli dogo la shaba. Ndani yake imelala hadubini ya zamani, chombo kile ambacho wenzetu wa labo huita mikroskopu, kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Haina taa wala waya wa umeme. Ina mguu mzito mweusi wenye umbo la kwato la farasi, bomba la shaba ya manjano, na chini yake kioo cha duara ambacho kazi yake ni kunasa mwanga wa dirishani na kuupandisha juu.

Kiangazi kilichopita kamati ya parokia ilitaka kusafisha kabati lile. Wauguzi vijana walisema: «Sasa tunayo hadubini ya umeme. Tena tuna vipimo vya haraka vya malaria, tone moja la damu, na jibu hupatikana muda si mrefu. Hiki kizee ni cha nini?» Mchuuzi mmoja alikuwa tayari kukinunua kwa uzito wa shaba yake. Kwa kuwa sisi tulifanya kazi ya labo miaka mingi kabla ya kustaafu, tuliombwa tutoe neno. Tukaomba tungojewe mpaka mwisho wa mwezi.

Jioni ile tulikipangusa chombo nyumbani. Juu ya bomba tukasoma maneno yaliyochorwa: Carl Zeiss, Jena, na namba chini yake. Maneno hayo tuliyaona maelfu ya mara katika maisha yetu, wala hatukuuliza hata siku moja yalikuwa ya nani. Tuliona haya. Mtu hula chakula miaka mingi bila kumuuliza mkulima jina lake! Basi tukaazima vitabu kwa Padri, tukaanza kuwatafuta mafundi wa kale. Tulidhani tutasoma habari za vioo na shaba tu. Kumbe tulikuwa tunakwenda kuisoma dhambi yetu wenyewe.

Jina la chombo hiki lilizaliwa Roma. Mwaka 1624 Galileo alimpelekea rafiki yake Federico Cesi chombo cha kutazamia vitu vidogo, na mwaka uliofuata tabibu Giovanni Faber, mwenzao katika chama kile kile cha wataalamu, akakipa jina la microscopium. Mwaka huo huo wa 1625 Francesco Stelluti na wenziwe walitoa picha ya nyuki waliowatazama kwa hadubini, wakamtolea heshima Baba Mtakatifu Urbano wa Nane, kwa maana ngao ya ukoo wake ilikuwa na nyuki watatu. Hivyo mdudu mdogo anayetengeneza asali na nta alikuwa miongoni mwa viumbe vya kwanza kuchorwa kwa msaada wa chombo hiki.

Lakini fundi aliyetushika moyo kuliko wote ni Antonie van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft katika Uholanzi. Alizaliwa mwaka 1632, baba yake akiwa msukaji wa vikapu. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa siku zile. Alijua Kiholanzi chake tu. Alikuwa muuza vitambaa, na wauza vitambaa walizoea kuhesabu nyuzi kwa kioo cha kukuzia, yaani lenzi, ili wajue ubora wa nguo. Kutoka katika nyuzi za dukani jicho lake likaenda mbali.

Vyombo vyake havikufanana na hadubini tunazozijua. Kila kimoja kilikuwa bamba dogo la shaba au la fedha, upana wa vidole viwili hivi, lenye tundu moja. Na katika tundu hilo iliwekwa lenzi moja tu, ambayo katika vyombo vyenye nguvu ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Nyuma ya lenzi palikuwa na ncha ya kuchomekea kitu cha kutazamwa, pamoja na skrubu za kukisogeza. Mtazamaji alikileta chombo karibu kabisa na jicho lake, akaelekea mwangani. Ile iliyo na nguvu kuliko nyingine zilizobaki, iliyotunzwa mjini Utrecht, hukuza kitu mara 270 hivi.

Kwa vibamba hivyo muuza vitambaa aliona mambo ambayo hakuna mwanadamu aliyeyaona kabla yake. Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa karibu na Delft, akaona ndani yake viumbe hai vidogo mno vikiogelea. Baadaye alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi, akailoweka majini. Hakuipata sababu ya ukali wake, bali katika maji yale aliona viumbe vidogo kuliko vyote alivyovijua, akaandika habari zake mwaka 1676. Mwaka 1683 alikwangua utando wa meno yake mwenyewe, akaona kwamba hata kinywa chake kilikuwa kijiji chenye wakazi wengi. Habari hizo alizipeleka kwa barua katika chama cha wataalamu cha London kiitwacho Royal Society. Wengine hawakusadiki, mpaka mwaka 1677 Robert Hooke, mtaalamu wa chama hicho, alipoonyesha viumbe hivyo mbele ya wenziwe. Mwaka 1680 yule mwana wa msuka vikapu akachaguliwa kuwa mwanachama.

Mpaka hapo tulifurahi naye. Lakini tuliposoma mbele, furaha ikapungua. Leeuwenhoek alitoa habari za aliyoyaona, lakini namna ya kuona aliifungia moyoni. Wageni wakubwa walipomtembelea, aliwaonyesha baadhi ya vyombo vyake, na vile vilivyo bora akajiwekea. Mtaalamu Mjerumani Leibniz alimshauri awafundishe vijana kazi ya kutengeneza lenzi, ili isipotee. Katika barua ya mwaka 1715 mzee alikataa; hakuona faida ya kufungua shule ya namna hiyo. Mwaka 1723 alifariki, mwenye umri wa miaka 90, na siri yake ikashuka pamoja naye kaburini.

Je, matunda ya mkono wake yalikuwaje? Katika maisha yake alitengeneza lenzi zaidi ya 500. Hadubini 26 za fedha alizowaachia wale wa London zimepotea zote. Nyingine nyingi ziliuzwa mnadani mjini Delft mwaka 1747, baada ya kufa binti yake Maria. Leo zinazojulikana kuwa zake ni kama kumi na moja tu.

Na hili ndilo lililotushangaza zaidi. Mwaka 2021 wataalamu wa Uholanzi walizichungulia hadubini zake kwa miali ipitayo ndani ya chuma bila kuivunja. Katika ile ya Utrecht walikuta kitone cha kioo cha mviringo, cha namna ile anayoieleza Robert Hooke katika dibaji ya kitabu chake Micrographia, kilichotoka mwaka 1665. Hooke alikuwa ameandika waziwazi: chukua kioo, kiyeyushe motoni, ukivute kiwe uzi mwembamba, kisha uiyeyushe ncha ya uzi huo mpaka ijikunje kuwa tone. Basi siri iliyolindwa kama dhahabu kwa miaka 50 yaelekea ilikuwa jambo ambalo mwenzake alilitangaza kwa kila ajuaye kusoma! Wazee wetu husema: Mficha uchi hazai. Fundi yule hakuzaa fundi.

Hapo tulikifunga kitabu, usingizi ukatukimbia. Wasomaji wapenzi, mtuwie radhi tukiwaeleza jambo ambalo hatukulieleza kwa miaka mingi.

Sisi tulifundishwa kazi na muuguzi mzee ambaye hakutuficha kitu. Lakini tulipopewa msaidizi, kijana mwenye bidii na mkono mwepesi, tuliogopa. Tuliwaza moyoni: akijua yote, sisi tutabaki na nini? Basi tulimwachia aoshe vioo, achemshe sindano, aandike majina. Kazi ya kuitengeneza damu kwa dawa ya rangi tuliifanya wenyewe, huku tumempa mgongo.

Wenye kazi hii wanajua kwamba damu huwekwa juu ya kioo kwa namna mbili. Iliyotandazwa nyembamba hugandishwa kwanza kwa spiriti. Lakini tone nene, ambalo ndani yake vijidudu vya malaria huonekana upesi hata vikiwa vichache, lisiguswe na spiriti kamwe. Lazima likauke lenyewe, ili maji ya dawa yaoshe ule wekundu wa damu na kuviacha vijidudu peke yake. Likigandishwa, wekundu hubaki, na mtazamaji haoni ila giza. Jambo hilo lasemwa kwa maneno machache kuliko Baba Yetu. Sisi hatukulisema.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi tuliugua, tukalala wiki tatu. Kijana akabaki peke yake labo. Mama mmoja akaleta mtoto wake wa miaka minne mwenye homa. Wakati ule vipimo vya haraka vilikuwa havijafika kwetu. Kijana akatoa damu, akatengeneza tone nene, na kwa kuwa alituona mara nyingi tukimimina spiriti juu ya kioo, naye akamimina. Akatazama saa nzima. Hakuona kitu, akaandika kwa uaminifu kwamba hakuona kitu. Mtoto akarudishwa nyumbani na dawa ya kupunguza homa. Siku ya pili usiku alipatwa na degedege. Wakambeba kwenye machela mpaka hospitali. Mungu alimhurumia, akapona. Lakini mguu wake mmoja ulilegea, na mpaka leo anauburuta. Amekuwa mtu mzima. Kila Jumapili anapanda ngazi za kanisa mbele yetu, taratibu, akishika ukuta.

Watu walimlaumu kijana. Naye alijilaumu, akaiacha kazi. Sisi tuliporudi tulikitazama kile kioo, tukaelewa mara moja kilichotokea, tukanyamaza. Tuliungama kwa Padri, ndiyo. Lakini kwa kijana yule tulinyamaza. Tulizoea kusema kwamba kosa lilikuwa la asiyejua. Leeuwenhoek wa Delft, aliyekufa zaidi ya miaka 200 kabla yetu, ndiye aliyetuonyesha lilikuwa la nani.

Tukaendelea kusoma, kwa maana tulitaka kujua kama wako mafundi waliokwenda njia nyingine. Wapo, tena wengi.

Huko London aliishi Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo. Siku zake hadubini zenye lenzi kadhaa zilikuwa na aibu moja: kila kitu kilionekana kimezungukwa na pindo za rangi kama upinde wa mvua, na sura ikawa na ukungu. Lister alichunguza jinsi lenzi za vioo vya namna mbili zinavyoweza kupangwa, moja ikirekebisha kosa la nyingine. Mwaka 1826 fundi James Smith alimtengenezea hadubini kwa mpango wake, na mwaka 1830 Lister akautangaza mpango huo kwa maandishi, akawaeleza pia mafundi wa London waliouishi kwa biashara hiyo. Hakupoteza kitu. Mwanawe Joseph alikulia katika nyumba yenye hadubini mezani, akawa daktari mpasuaji, naye ndiye aliyeanza mwaka 1865 kutibu vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu. Hesabuni wenyewe ni watu wangapi waliookoka kwa kuwa baba mmoja hakumpa mwanawe mgongo.

Sasa tulifika kwa mwenye jina lile lililochorwa katika chombo chetu. Carl Zeiss alizaliwa mwaka 1816 mjini Weimar katika Ujerumani, mwana wa mkereza. Alikuwa mwanagenzi wa fundi Friedrich Körner mjini Jena, na mwaka 1846 akafungua karakana yake katika mji huo. Mwaka uliofuata alimpokea mwanagenzi wake wa kwanza, August Löber, akamfundisha mpaka akawa nguzo ya karakana. Husimuliwa kwamba Zeiss alipokuta hadubini yenye kasoro aliivunja mwenyewe kwa nyundo, isije ikatoka mlangoni na jina lake. Mwaka 1866 karakana ilikuwa imetengeneza hadubini 1,000.

Hata hivyo Zeiss hakuridhika. Lenzi zilitengenezwa kwa kubahatisha: fundi alijaribu hii, akajaribu ile, mpaka sura ikawa safi. Zeiss alijua kwamba mahali ujuzi wake ulipokoma palihitaji mtu mwingine, wala hakuona haya kumtafuta. Mwaka 1866 alimwomba mwalimu kijana wa chuo kikuu, Ernst Abbe, avumbue hesabu ya lenzi. Jaribio la kwanza lilishindwa: lenzi za hesabu zilitoa sura mbaya kuliko zile za kubahatisha. Abbe hakukata tamaa, akaitafuta sababu mpaka akaiona. Tangu mwaka 1872 hadubini za Zeiss zikatengenezwa kwa hesabu zake, na mwaka 1873 akaiandika elimu hiyo, kila mtu aisome. Mwaka 1886 hadubini ya 10,000 ilitoka Jena. Hapo kati, Robert Koch alitumia lenzi zao katika kazi yake, na tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu.

Abbe huyo baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, akisimama kazini saa 14 mpaka 16 kila siku. Mwana hakusahau. Baada ya kifo cha Zeiss, mwaka 1889 alianzisha mfuko ambao ulikuja kuwa mwenye mali ya kiwanda, na mwaka 1900 wafanyakazi wakapewa siku ya kazi ya saa nane. Miaka tisa kabla yake Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alikuwa amewakumbusha matajiri wa dunia haki ya mfanyakazi katika barua yake Rerum Novarum.

Mapadre nao hawakukosa. Katika chuo kikuu cha Louvain, Padri Jean-Baptiste Carnoy, Mbelgiji, aliwafundisha wanafunzi wake kuchunguza chembe hai kwa hadubini, na mwaka 1884 akaanzisha jarida liitwalo La Cellule, ili yale wanayoyaona yasibaki katika chumba kimoja.

Na kazi ya mikono hiyo yote ilifika kwetu. Mwaka 1903 madaktari Dutton na Todd walitumwa kutoka Liverpool kuja Kongo kuchunguza ugonjwa wa malale. Dutton alichunguza pia homa iletwayo na papasi, yule ambaye wengine humwita kimputu. Homa hiyo hiyo ikamshika, akafa huko Kasongo, katika Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa bado kijana. Baada yao, kwa miaka mingi, wauguzi wa nchi yetu wamekwenda kijiji kwa kijiji na hadubini, wakitafuta vijidudu vya malale katika damu na katika maji ya tezi za shingo. Mwaka 1998 wagonjwa wapya walioandikwa barani Afrika walikaribia 40,000. Tangu mwaka 2018 kila mwaka wamekuwa chini ya 1,000, na wengi wao ni wa kwetu Kongo. Ushindi huo si wa hadubini peke yake. Lakini bila jicho la muuguzi juu ya bomba usingepatikana.

Mwisho wa mwezi tulirudi mbele ya kamati. Tulisema: msiiuze. Si kwa sababu ni kuukuu wala kwa sababu ina jina kubwa. Siku umeme unapokatika, kioo chake hunasa jua bure. Na kwa mwanafunzi hakuna mwalimu bora kuliko chombo ambacho kila sehemu yake yaonekana. Tukaomba ruhusa kuwafundisha wauguzi vijana kila Alhamisi asubuhi. Kamati ikakubali.

Lakini kabla ya Alhamisi ya kwanza tulikuwa na safari nyingine. Tulimtafuta yule msaidizi wetu wa zamani. Ana duka dogo sokoni, na mvi kichwani. Tulimweleza habari ya spiriti na tone nene, maneno yale machache, tukamwambia kosa lilikuwa letu. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza: «Kwa hiyo macho yangu yalikuwa mazima?» Tukamjibu: «Yalikuwa mazima, ndugu.» Hakusema zaidi, nasi hatukuomba zaidi. Kwa yule mwenye mguu uliolegea na mama yake bado hatujakwenda. Tutakwenda, tunawaomba mtuombee tupate ushujaa.

Nanyi wazazi, mafundi, walimu, akina mama mnaojua kufinyanga, kushona na kuzalisha: Mungu alitupa vipaji, wala hakutupa ili tuvifukie ardhini. Mtu akiketi karibu nawe akitazama mikono yako, usimpe mgongo. Geuka, umwonyeshe. Alhamisi iliyopita kijana mmoja alitaka kumimina spiriti juu ya tone nene. Tulimshika mkono, tukamwambia kwa nini.